Baba anadaiwa karatasi ya uraia ya babu ya mwaka 1961 ili apate pasipoti. Je, karatasi hiyo iliwahi kuwepo?

Binti wa Rusimbi (Ujiji, Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mwenye uelewa wa mambo ya uraia, na naomba mnisome hadi mwisho kwa sababu suala lenyewe lina vizazi vitatu ndani yake.

Baba yangu kazaliwa hapa hapa Ujiji mwaka 1958. Ni fundi wa maboti ya mbao, yale mnayoyaona Kibirizi yakipakia mzigo wa Congo na Burundi. Mengi ya zamani yamepita mikononi mwake. Kapiga kura tangu enzi za Ndiyo na Hapana. Sisi watoto tumechangishana tukasema mzee aende hija wakati magoti yake bado yana nguvu. Pasipoti hajawahi kuwa nayo maishani. Zamani akivuka kwenda Kalemie kufuatilia malipo yake alikuwa anachukua hati ya muda tu, anarudi.

Basi tukaanza kufuatilia. Cheti chake cha kuzaliwa tumeshakipata, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) anayo, picha anazo. Tukaenda kwenye ofisi moja hapa mjini, akaulizwa asili yake. Baba ni mtu wa kusema kweli, akasema baba wa babu yangu alitoka Kasongo, upande wa Manyema, akaja Ujiji na misafara na akafia hapa. Tangu atamke Kasongo mazungumzo yakabadilika sura. Akaambiwa arudi na "karatasi ya marehemu baba yake ya kuandikishwa uraia ya mwaka 1961", bila hiyo fomu haisogei.

Tumepekua kila mkoba wa nyumba ile. Karatasi ya namna hiyo haipo. Kilichopo ni kijitabu cha safari cha babu, jalada la bluu iliyokolea, nembo ya dhahabu imefutika nusu. Kilitolewa 1957. Babu alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapeleka chumvi ya Uvinza ng'ambo, kwa hiyo kimejaa mihuri ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Ndani kuna picha yake kavaa kanzu na koti juu, na kwenye mstari wa hadhi yake wameandika kwa Kiingereza kwamba ni mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Chini yake mahali pa kuzaliwa: Ujiji, 1931.

Maswali yangu:

Babu alikuwa Mwingereza? Maana mdogo wangu anasema kwa kijitabu hicho tunaweza kudai kitu Uingereza, mimi siamini.

Hiyo karatasi ya 1961 ilikuwepo kweli? Wazee wenu walipewa?

Na baba afanye nini sasa? Mwenzenu ninaumia. Siku ile tuliporudi alikaa barazani hadi magharibi, hakutaka hata chai, akasema tu: "Uhuru umenikuta nina miaka mitatu, uraia wangu nimeutoa wapi kama si hapa?"

Isevya TBR (Tabora)

Pole sana dada. Hayo mambo ya Kigoma tunayasikia hata huku. Mimi ningeshauri mzee asigombane na mtu, aombe uraia wa tajnisi yaishe. Ana miaka mingi nchini, ana mke, ana watoto, ana mali, sidhani kama watamkatalia. Mwaka mmoja au miwili anapata cheti chake na pasipoti anachukua. Kushindana na mtu wa dirishani ni kupoteza muda, na hija haisubiri.

Karani wa Viapo (Kigoma mjini)

Binti wa Rusimbi, mfikishie baba shikamoo yangu. Mimi nimekaa kwenye meza ya kuandika viapo katika ofisi ya wakili hapa Kigoma tangu enzi za taipu. Kesi ya baba yako ninaijua sura yake hata kabla sijakutana naye. Nitaandika kwa urefu kwa sababu najua wapo wengine wanaosoma kimya kimya wenye tatizo hili hili.

Kwanza Isevya, ndugu yangu, ushauri wako umetoka moyoni, lakini mzee asipelekwe huko. Tajnisi ni ya mgeni anayeomba kuwa raia. Siku mzee anapotia saini fomu ile ameandika kwa mkono wake kwamba hadi leo yeye si raia, na watoto wote waliopata vitambulisho kwa jina lake nao wataanza kuulizwa. Nimeona familia iliyoingia njia hiyo kwa kuchoka tu, na hadi leo wanahangaika kuitoka. Msichoke.

Sasa kijitabu. Babu hakuwa Mwingereza hata siku moja, na mdogo wako aache ndoto hizo. Mjerumani alipopokonywa nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika haikufanywa mali ya Mwingereza. Iliwekwa chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa la Geneva, naye Mwingereza akakabidhiwa kuitawala. Mwaka 1923 Baraza la Shirikisho hilo likatamka kwamba wenyeji wa nchi za dhamana wana hadhi yao mbali, hawawi raia wa taifa linalowatawala. Baada ya 1946 dhamana ikahamia Umoja wa Mataifa, lakini hali ya mtu wa kawaida ikabaki ile ile. Ukiwa ugenini balozi wa Mwingereza anaweza kukusemea ukipata shida. Haki ya kwenda kukaa London huna. Na hapa kwenu anayetawala hukumchagua wewe.

Mwenye duka jirani na babu, kama alizaliwa Nairobi ambako kulikuwa koloni kamili, angeweza kuwa na kijitabu kinachofanana na hicho kwa nje, lakini ndani kimeandikwa hadhi nyingine kabisa: raia wa Uingereza na makoloni yake, kwa sheria yao ya 1948. Wanakaa mtaa mmoja, wanapanda meli moja, kila mmoja na hadhi yake. Raia wa Tanganyika alikuwa hayupo duniani. Hata Mwalimu aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1955, alikuwa anawasemea watu ambao bado hawakuwa na uraia wa nchi yao wenyewe, naye akiwa mmoja wao.

Uraia huo ulizaliwa tarehe 9 Desemba 1961, na hapa ndipo nataka usome taratibu.

Masharti yaliyoingia na Katiba ya Uhuru yalisema hivi: mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye hadi tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa ama chini ya ulinzi wa Uingereza ama raia wa Uingereza na makoloni yake, anakuwa raia wa Tanganyika siku ya Uhuru bila kuomba, ilimradi mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mzazi mmoja tu. Baba au mama. Angalia tena: hawakuuliza mzazi ana uraia gani, waliuliza alizaliwa wapi.

Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wawili wamezaliwa nje, huyo hakuupata moja kwa moja. Alipewa haki ya kujiandikisha, na dirisha hilo lilikuwa la miaka miwili, hadi Desemba 1963. Karatasi wanayoitaja ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ya watu hao.

Sasa mweke baba yako kwenye kipimo hicho. Kazaliwa Ujiji, 1958. Babu yako, ambaye ndiye mzazi wake, kazaliwa Ujiji, 1931. Basi. Baba yako amekuwa raia usiku ule akiwa mtoto wa miaka mitatu amelala, bila fomu na bila saini ya mtu. Kwa baba yako haijalishi kama babu alijiandikisha au hakujiandikisha. Hata tukisema babu mwenyewe wazazi wake wote walitoka Kasongo na hakuwahi kukanyaga ofisi ya kujiandikisha, jambo hilo lingegusa uraia wa babu, lisingegusa wa mwanawe. Mnatafutishwa karatasi ya kizazi ambacho sheria haikukigusa.

Uthibitisho wa babu kuzaliwa Ujiji mnao tayari, umeuandika mwenyewe hapo juu. Macho yenu yamekwama kwenye mstari wa hadhi, mstari wenye kazi ni ule wa chini yake. Serikali yenyewe iliyokuwepo iliandika mwaka 1957, kabla mtu yeyote hajawaza kudanganya kwa ajili ya uraia usiokuwepo, kwamba huyu kazaliwa Ujiji. Mimi katika meza yangu huwa napata watu wasio na chochote, kwa sababu wakati wa Mwingereza kuandikisha kizazi cha Mwafrika hakukuwa lazima. Ninyi mna hazina.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliwachukua waliokuwa raia wa Tanganyika ukawafanya raia wa Jamhuri ya Muungano, na Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995, ndiyo inayotumika sasa, imewapokea hao hao. Kwa hiyo hakuna mahali mnyororo ulipokatika.

Niongeze kitu kimoja kwa vijana mnaosoma. Sharti lile la 1961 halikuangalia rangi. Oktoba mwaka ule bungeni palikuwa na wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu, akiwa Waziri Mkuu, alikataa kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha uraia wa rangi. Hoja yake ikashinda. Kwa hiyo Mhindi wa Ujiji na Mmanyema wa Ujiji walipimwa kwa kipimo kimoja: umezaliwa wapi, na mzazi wako mmoja kazaliwa wapi. Inaniuma sana ninapoona leo mtu anaulizwa jina la kabila kwanza, halafu ndipo anaulizwa mahali pa kuzaliwa.

Mpakani Manyovu (Buhigwe)

Karani umeeleza vizuri, lakini tuwe wakweli. Sisi tunaoishi Manyovu tunaona. Watu wanavuka asubuhi, jioni wana barua ya mtendaji kwamba ni wazaliwa wa hapa. Lugha tunaelewana, Kiha na Kirundi mtu wa Dar hawezi kutofautisha. Ofisa naye yuko kwenye wakati mgumu, akimpitisha asiyestahili anaulizwa yeye. Simtetei aliyemsumbua mzee, nasema tu si kila anayeuliza ana nia mbaya.

Karani wa Viapo

Manyovu, nakubaliana nawe kabisa kwamba waulize. Mpaka ni mpaka, na pasipoti ya Tanzania ikigawiwa ovyo tunaoumia ni sisi wenye nayo. Ninachosema mimi ni kwamba waulize kile ambacho sheria inakiuliza. Barua ya mtendaji inatolewa jana, inaweza kununuliwa. Kijitabu cha 1957 chenye mihuri ya Albertville hakinunuliwi. Ofisa akikikataa hicho akaomba karatasi ambayo sheria haikuidai kwa mtu huyo, hajalinda mpaka. Amemzuia raia, na yule mdanganyifu mwenye barua mpya kapita.

Binti wa Rusimbi

Karani nimekusoma nikalia, si utani. Nimemsomea baba kwa sauti. Alinisimamisha kwenye sehemu ya "mzazi mmoja tu" akaniambia nirudie.

Kuna jambo sikulitaja. Bibi mzaa baba bado yupo hai, mashallah, na akili yake ipo. Yeye ni Muha wa Heru Juu, Kasulu. Ndugu zake bado wako kule kwenye shamba la wazazi wao, kaburi la baba yake lipo pale. Je, na yeye anasaidia? Au kwa kuwa ni mwanamke haihesabiki? Maana pale ofisini hakuna aliyemuulizia kabisa, maswali yote yalikuwa upande wa babu.

Mtoto wa Ulyankulu (Kaliua, Tabora)

Dada, mimi nina habari tofauti na yako lakini tunafanana, acha nikutie moyo.

Wazazi wangu waliingia nchi hii wakiwa watoto mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi. Walipokelewa huko huko Kigoma, wakaletwa Ulyankulu. Wengine walipelekwa Katumba na Mishamo. Msitu waliufyeka wao, tumbaku wakalima wao. Mimi nimezaliwa hapa. Mwaka 2007 serikali ikauliza kila familia: mnarudi Burundi au mnaomba uraia? Wengi wakaomba. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa.

Ila vyeti havikutoka. Kwanza lilikuwepo sharti la kuhama, kwamba makazi yafungwe, watu watawanywe mikoa mingine ndipo wapewe. Tukakaa hivyo hadi Oktoba 2014 ndipo vyeti vikaanza kutolewa na watu wakaruhusiwa kubaki. Kwa miaka ile ya katikati ukimbizi tulikuwa tumeukana na uraia hatujaushika mkononi. Mtoto akifaulu kwenda shule mbali, unaogopa kumsafirisha. Kaka yangu alipata nafasi ya kazi ya udereva wa lori la kwenda nje, ikampita kwa sababu hakuwa na cha kuonyesha ili apewe pasipoti.

Siku baba alipopewa cheti alikifungua pale pale uwanjani, akakisoma chote kuanzia namba hadi saini, akakirudisha kwenye bahasha. Sasa hivi kipo kwenye nailoni mbili ndani ya sanduku la bati, na nakala ziko kwa kila mtoto. Pasipoti yangu niliipata kwa cheti hicho.

Nilichotaka kukwambia: sisi ndio watu wa tajnisi, na hatuoni aibu, tuliomba na tukapewa. Lakini baba yako si mwenzetu katika hilo. Yeye alikuwepo kabla. Asikubali kuingizwa kwenye mstari wetu kwa kuwa tu mstari wetu una cheti na wake hauna.

Karani wa Viapo

Ulyankulu, asante sana kwa maneno hayo, umesema vizuri kuliko mimi.

Binti, habari ya bibi ni nzito kuliko unavyodhani. Sharti la 1961 lilisema mzazi mmoja, na mama ni mzazi. Bibi kuzaliwa Heru Juu peke yake kunatosha kumfanya baba yako raia siku ya Uhuru hata kama babu angezaliwa Kasongo kwenyewe. Mnazo njia mbili, kila moja inajitosheleza. Kwamba hakuulizwa mama ni mazoea ya watu kufuata ukoo wa baba. Kwenye sharti hilo hayamo.

Fanyeni hivi, na msiache kitu.

Bibi aape mwenyewe, akiwa hai na akili yake ipo, huo ni utajiri. Kiapo chake kitaje alizaliwa Heru Juu, majina ya wazazi wake, alipoolewa Ujiji, na kwamba huyu ni mwanawe wa kumzaa, mwaka 1958. Asomewe kwa Kiha kama Kiswahili cha kisheria kinampa taabu, na iandikwe kwamba alisomewa akaelewa. Aweke dole gumba mbele ya wakili. Mkiweza mleteni asubuhi, wazee mchana wanachoka na wakili makini hatakubali kuapisha mtu anayesinzia. Ndugu yake mmoja wa Heru Juu naye aape kuthibitisha, na mtendaji wa kijiji kile aandike barua kuhusu familia na shamba lao. Barua hiyo peke yake ningeidharau kama alivyosema Manyovu, lakini ikisimama pembeni ya kiapo cha mama mzazi ina uzito.

Kwa upande wa babu, kijitabu chenyewe. Toeni nakala ya ukurasa wa picha na ule wa hadhi na mahali pa kuzaliwa, wakili athibitishe kwa muhuri kuwa ni nakala halisi. Kama mna cheti cha ndoa ya babu na bibi, au hata daftari la msikitini lililoandika ndoa ile, tafuteni. Wale waliooana Ujiji miaka ya 1950 mara nyingi shehe aliandika.

Halafu barua ya maombi iandikwe kwa adabu na kwa ufupi. Isilalamike. Itaje: mwombaji kazaliwa Ujiji 1958, baba yake kazaliwa Ujiji 1931, mama yake kazaliwa Kasulu, na hivyo alikuwa raia wa Tanganyika kuanzia 9 Desemba 1961 kwa kuzaliwa, si kwa kuandikishwa. Hilo neno la mwisho liwepo, kwa sababu ndilo linalojibu karatasi wanayoidai. Mkikataliwa tena, ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi kuomba hivyo tu kunamfanya mtu aangalie upya.

Ada isiwatishe, ni ile ile ya kila mtu: 20,000 wakati wa fomu na 130,000 baadaye, jumla 150,000 kwa pasipoti ya kielektroniki ya miaka kumi, hii ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyozinduliwa Januari 2018. Lipeni kwa kontroli namba tu. Atakayewaambia kuna ya pembeni, ondokeni.

Mzigo wa Guangzhou (Mwanga, Kigoma)

Nimefuatilia huu uzi tangu jana. Mimi nafuata mzigo China, na kupitia Hong Kong nimekutana na watu wenye hadithi inayokaribiana na kijitabu cha babu, nikaona niilete.

Mwingereza alipokubaliana na China mwaka 1984 kwamba Hong Kong itarudishwa 1997, alikuwa na mamilioni ya watu kule wenye uraia wa himaya zake. Akawatengenezea hadhi mpya na pasipoti mpya kabisa, ikaanza kutolewa Julai 1987. Jina zuri, jalada lenye nembo ile ile ya simba na farasi mwenye pembe. Ila haki ya kwenda kukaa Uingereza haikuwemo. Mtoto harithi. Na wa kujiandikisha wengi walipewa mwisho, kabla ya Hong Kong kukabidhiwa tarehe 1 Julai 1997, aliyechelewa basi. Mzee mmoja ninayechukua kwake vifaa vya simu anayo, mwanawe aliyezaliwa baada ya makabidhiano hana haki nayo. Wako nyumba moja.

Tangu 31 Januari 2021 Uingereza imewafungulia wenye hadhi hiyo viza ya kwenda kukaa na baadaye kuomba uraia, na kuanzia tarehe hiyo hiyo China haiitambui tena pasipoti ile. Mzee yule akivuka kuingia China bara anatumia hati nyingine kabisa.

Kwa hiyo mdogo wako, dada, akija na habari ya kudai London kwa kijitabu cha 1957, mwambie hata wale waliopewa cha juzi walisubiri zaidi ya miaka thelathini kufunguliwa mlango. Babu yenu alipata kitu bora 1961, alipata wanawe wawe raia wa mahali walipozaliwa.

Isevya TBR

Karani nimekuelewa. Habari ya tajnisi naiondoa mezani, wengine msinifuate. Naomba kuuliza na mimi: mke wangu ni mzaliwa wa Urambo 1970, wazazi wake hawana cheti chochote. Huyo anaangukia wapi?

Karani wa Viapo

Isevya, huyo kazaliwa baada ya Muungano, kwa hiyo anaangukia kifungu cha 5 cha sheria ile ya 1995. Maandishi yake yanamtambua aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, isipokuwa makundi machache kama watoto wa mabalozi wa kigeni. Lakini dirishani atadaiwa cheti au kiapo cha mzazi, kwa hiyo msiende mikono mitupu. Kama mzazi mmoja yupo hai, aape sasa. Msingoje msiba ndipo mtafute nani anakumbuka. Fungua uzi wako tuuzungumze vizuri, huu tumwachie binti.

Binti wa Rusimbi

Nashukuru kila mmoja, Mungu awalipe. Manyovu nimekuelewa pia, wala sijakasirika.

Kaka ameondoka leo na basi la Kasulu kwenda Heru Juu kumchukua mdogo wake bibi na kuonana na mtendaji. Bibi tumemweleza, kasema yuko tayari kuapa hata kesho, na kwamba atataja hadi jina la mkunga aliyempokea baba. Daftari la ndoa shehe wetu anaendelea kulitafuta, kasema ya miaka ile yamehifadhiwa kwa mtoto wa shehe wa zamani.

Swali la mwisho Karani: kijitabu cha babu kurasa zimeanza kuachana na pembe zinamong'onyoka. Mdogo wangu anataka kukipeleka duka la steshenari wakakipige lamineshen kisiharibike zaidi kabla hatujakipeleka. Afanye hivyo?

Karani wa Viapo

Hapana! Mzuie leo hii. Ikishapigwa lamineshen hakuna wakili atakayethibitisha nakala yake kwa moyo mweupe, kwa sababu wino na mihuri havikaguliki tena, na ofisa ana haki ya kuitilia shaka. Usigundishe kwa gundi wala selotepu. Kiwekeni ndani ya bahasha safi ya karatasi, bahasha ndani ya nailoni, mbali na jiko na mbali na panya. Akibebe baba mwenyewe. Njooni mkiwa na bibi, muulize ofisi za mawakili karibu na mahakama, mtu yeyote pale atawaonyesha ninapokaa.